Hesabu Isiyopigwa: Dhidi ya Rai Kwamba Umeme Si wa Kupikia

Miongoni mwa wanaojenga nyumba mpya katika viunga vya Dar es Salaam, kuanzia Goba na Madale hadi Kigamboni na Kibaha, imekita rai moja ambayo haijadiliwi tena, kwa kuwa kila anayefika hatua ya kununua vyombo huikuta imeshakubaliwa na fundi, na jirani, na muuza duka wa Kariakoo: kwamba umeme ni wa taa, televisheni, jokofu, pasi na kiyoyozi, ilhali kupika ni kazi ya gesi, na gesi inapoonekana kuwa ya kubanwa, ni kazi ya mkaa. "Umeme unakula," husemwa, na kwa maneno hayo mawili mazungumzo hufungwa, orodha ya manunuzi ikaendelea kwenye vitu vingine. Makala haya yanashikilia kwamba rai hiyo haikujengwa juu ya hesabu yoyote, na kwamba mwenye nyumba anayeifuata hununua kwa furaha vyombo vinavyokula umeme kwelikweli huku akikikataa kimojawapo cha vile vinavyokula kidogo kabisa.

Haki inataka rai ielezwe kwanza kama wenyewe wanavyoieleza. Wanaoishikilia hawakuiokota njiani. Wengi wao waliwahi kuishi na yale majiko ya koili ya pleti mbili, ambayo pleti moja pekee huvuta kilowati moja hadi mbili, huwaka nyekundu chini ya sufuria lililopinda kitako, na kumaliza uniti kabla maharage hayajaiva. Wameonja pia mgawo wa umeme, ule wa mwishoni mwa 2023 ukiwa bado haujasahaulika, na wamejifunza kutotegemea njia moja. Wanasema zaidi kwamba ugali na chapati hudai moto unaoonekana, na kwamba Serikali yenyewe, katika kampeni zake za nishati safi ya kupikia, imekuwa ikigawa mitungi ya gesi, jambo linaloonekana kumaliza ubishi. Hoja hizi zina uzito wake, na zitachukuliwa moja baada ya nyingine.

Kwanza: kinacholaumiwa na kinachosamehewa

Uniti moja ni kiasi cha umeme kinachotumiwa na chombo cha kilowati moja kikiwaka saa nzima bila kupumzika. Mteja wa kawaida wa nyumbani wa TANESCO, yaani aliye katika kundi la bei liitwalo T1, hutozwa shilingi 292 kwa uniti, ambazo zikiongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, asilimia 3 ya Wakala wa Nishati Vijijini na asilimia 1 ya EWURA, hufika takriban shilingi 356. Kwa hiyo gharama ya chombo chochote huamuliwa na mambo mawili, nguvu yake na muda kinaowaka, na kasoro ya kwanza ya rai inayopingwa ni kwamba huangalia lile la kwanza tu, tena kwa jiko peke yake.

Ichukuliwe hita ya bafuni, ile inayopasha maji papo kwa papo yakiwa yanapita kwenye bomba la mvua, ambayo siku hizi haikosekani katika nyumba mpya hata ile iliyojengwa mita chache kutoka ufukweni. Hita ya namna hiyo huvuta kama kilowati 5.5. Mtu mmoja akioga dakika kumi hutumia karibu uniti 0.9, yaani shilingi 325 hivi, na familia ya watu watano ikioga mara moja kwa siku hutumia zaidi ya shilingi 1,600, katika jiji ambalo maji ya tangi la juu huwa yameshapashwa na jua kabla ya adhuhuri. Hakuna anayesikika akisema kwamba hita inakula. Hita ni maendeleo. Kinachokula ni jiko.

Sasa kiwekwe kando yake chombo kinachodharauliwa. Jiko la presha la umeme ni sufuria lenye mfuniko unaobana mvuke, lililowekwa ndani ya ganda linalotunza joto, pamoja na kidhibiti kinachokata umeme chenyewe presha inapotimia na kuurudisha inapopungua. Nguvu yake kwa kawaida ni kilowati moja, lakini kwa kuwa kidhibiti hukata na kurudisha, katika dakika arobaini na zaidi zinazotosha kuivisha maharage yaliyolowekwa, umeme wenyewe huwa umewaka kwa sehemu tu ya muda huo. Hata ikikadiriwa kwa ukarimu kwamba chungu kizima kimekula nusu uniti, gharama haifiki shilingi 180. Kuoga mara moja kwa dakika kumi ni sawa na karibu vyungu viwili vya maharage, na bado ni chungu kinachotuhumiwa.

Jokofu linastahili kutajwa hapa kwa sababu ndilo hununuliwa kwa macho kuliko chombo kingine chochote. Ndani yake huwa na kibandiko chenye herufi ambazo wanunuzi wachache huzisoma: N humaanisha jokofu limetengenezewa mahali ambapo joto la chumba ni kati ya nyuzi 16 na 32, ST hadi nyuzi 38, na T, la nchi za joto, hadi nyuzi 43. Jokofu la mtumba kutoka Ulaya lenye N, likisukumwa hadi ukutani katika jiko lisilopitisha hewa la Dar es Salaam mwezi wa Februari, kompresa yake haipati nafasi ya kupumzika usiku na mchana. Lile lililotengenezewa matumizi ya Japani, ambako umeme wa nyumbani ni wa volti 100, huhitaji na transfoma ya kushusha volti 230 za hapa, ambayo nayo hula chake. Chombo kinachofanya kazi saa ishirini na nne kimechaguliwa kwa ukubwa wa mlango na rangi ya fedha, kisha lawama ya uniti zilizoisha ikapelekwa kwa kilichowaka nusu saa.

Pili: mita husema, gunia halisemi

Hoja ya bei haiwezi kupimwa bila kulinganisha joto linaloingia ndani ya sufuria, si lile linalopotelea ukutani na usoni mwa mpishi. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati ya karibu uniti 13, na jiko la kawaida la gesi hufikisha kwenye chakula zaidi kidogo ya nusu yake, tuseme uniti 7. Mtungi wa kilo 6 ukichukuliwa kwa shilingi 24,000, kilo moja ni shilingi 4,000, na kila uniti iliyoingia chakulani imegharimu kama shilingi 570. Kilo moja ya mkaa ina nishati ya uniti 8 hivi, ambazo jiko la kawaida la bati hufikisha robo yake tu. Mkaa ukikadiriwa kwa shilingi 1,200 kwa kilo, kila uniti ya chakulani ni shilingi 600. Pleti ya umeme, hata hiyo ya koili inayolaaniwa, hufikisha kama asilimia 70 ya umeme wake iwapo sufuria lina kitako bapa, na hivyo uniti ya chakulani ni shilingi 510. Jiko la indaksheni, ambalo hutumia sumaku kulipasha sufuria lenyewe badala ya kuipasha pleti, hufikisha kama asilimia 85, na gharama yake ni takriban shilingi 420.

Bei hupanda na kushuka kwa mtaa na kwa msimu, na msomaji anaweza kuweka za mtaani kwake, lakini mpangilio wa majibu hautabadilika kwa urahisi. Kwa vyakula vya kuchemka muda mrefu tofauti huwa kubwa zaidi, kwa sababu jiko la presha la umeme huhitaji joto kidogo tangu mwanzo: maharage yanayokaa saa mbili juu ya gesi iliyopunguzwa humaliza kama gramu 200, yaani shilingi 800, na juu ya mkaa humaliza kilo nzima au zaidi.

Basi imani kwamba umeme ndio ghali ilitoka wapi? Ilitoka kwenye mita. LUKU huonyesha namba, na namba hiyo hushuka mbele ya macho ya mpishi, ilhali mkaa hununuliwa kwa kopo leo na kwa ndoo kesho, kutoka kwa muuzaji tofauti, kwa fedha ya matumizi ambayo haiandikwi popote, na mwisho wa mwezi hakuna anayeijumlisha. Mtungi wa gesi nao hauna mshale. Huzimika tu, kwa kawaida wali ukiwa nusu mbichi. Umeme unaadhibiwa kwa sababu ndio pekee miongoni mwa watatu unaosema ukweli kuhusu matumizi yake. Juu ya hayo, tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, hivyo ununuzi wa kwanza wa mwezi huleta uniti pungufu, na jiko lililonunuliwa wiki iliyopita hubebeshwa deni la kodi.

Tatu: gesi hiyo ni ya nani

Inasemwa kwamba gesi ni mali ya nchi, na kwamba kuitumia ni kujitegemea. Kauli hii huchanganya vitu viwili. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay ni gesi asilia, karibu yote methani, na ile ya mtungi ni propani na butani, ambazo huletwa Tanzania kwa meli kutoka nje na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Isipokuwa kwa nyumba chache zilizounganishwa na bomba la TPDC, shirika la petroli la taifa, gesi ya nchi humfikia mpishi kwa njia moja tu, nayo ni waya, kwa sababu tangu 2004 gesi ya Songo Songo imekuwa ikizalisha umeme. Mzalendo wa mtungi, kwa maneno mengine, amewasha gesi ya wengine na kuiacha yake ikipita kwenye nguzo iliyo mbele ya geti lake.

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kufikia mwisho wa kipindi hicho, hautaji gesi ya mtungi peke yake, umeme umo. Lakini mtungi hupigika picha vizuri ukikabidhiwa jukwaani, na uniti hazipigiki picha. Kenya, ambako kampuni ya umeme imekuwa na kampeni yake ya Pika na Power, angalau imefikia hatua ya kuwaonyesha wateja chakula kikiiva na mita ikisomwa.

Nne: umeme ukikatika

Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo pia inayotumiwa kwa upendeleo wa ajabu. Umeme hukatika. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, liliwasha mtambo wake wa kwanza mwanzoni mwa 2024 na kupunguza uhaba wa uzalishaji, lakini halikubadilisha nguzo iliyooza wala transfoma ya mtaa iliyozidiwa na nyumba mpya. Hata hivyo, mwenye nyumba huyohuyo anayekataa kupikia umeme kwa kuwa hukatika hununua friza la lita 300 na kulijaza samaki na nyama ya mwezi mzima, akitegemea umeme huohuo usiku na mchana. Maharage yakikatikiwa umeme hucheleweshwa, na ndani ya chombo kilichobana mvuke huendelea kuiva kwa muda. Samaki wakikatikiwa umeme siku mbili hutupwa. Hofu iliyopimwa sawasawa ingeanzia kwenye friza.

Wala hakuna anayedai kwamba nyumba ibaki na njia moja. Jiko dogo la gesi la pleti mbili, lenye mtungi wa kilo 6, linatosha kabisa kuwa akiba. Kinachopingwa ni kuigeuza akiba kuwa msingi, na msingi kuwa kitu kisichonunuliwa.

Tano: ugali, chapati na wali wa kupalia

Kuhusu ladha, rai inayopingwa inasema kweli katika mambo machache na kuyatumia kufunika mengi. Ugali husongwa kwa nguvu, na sufuria jepesi la alumini juu ya pleti laini ya kioo huzunguka na mwiko. Indaksheni hailitambui sufuria la alumini kamwe, kwa kuwa huhitaji chuma kinachonaswa na sumaku, na muuza duka mara nyingi husahau kulisema hilo hadi risiti iandikwe, ndipo mnunuzi agundue kwamba ameongezewa gharama ya seti nzima ya masufuria. Chapati hupendelea chuma kizito na moto wa haraka. Wali wa nazi unaopaliwa makaa juu ya mfuniko, kama unavyopikwa pwani, una ukoko na harufu ambayo hakuna kitufe kinachoitoa.

Haya yote ni sababu za kuweka gesi kwa ugali na chapati, na seredani moja kwa ajili ya wali wa Ijumaa. Si sababu ya kuchemsha makande, maharage, mbaazi, kwato, utumbo na supu ya mifupa kwa mkaa saa tatu, kwa kuwa hakuna mlaji aliyewahi kufumba macho na kutambua mbaazi zilichemshwa kwa nishati gani kabla ya kutiwa nazi. Vyakula vya kuchemka ndivyo vinavyomaliza mkaa na gesi, na ndivyo visivyohitaji moto wa kuonekana. Kwa hiyo hoja ya ladha, ikifuatwa hadi mwisho, huangukia upande wa pili.

Sita: jiko la maonyesho na jiko la uani

Gharama iliyojificha zaidi haimo kwenye bei ya nishati bali kwenye ramani ya nyumba. Nyumba mpya nyingi za daraja la kati hujengwa na majiko mawili. La ndani lina makabati, meza ya graniti, na jiko kubwa la upana wa sentimita 90 lenye pleti nne za gesi, mbili za umeme na oveni. La uani, nyuma, lina mkaa, na wakati mwingine mafiga. Ukifunguliwa mlango wa oveni ya jiko la ndani, aghalabu hukutwa vikaango vimepangwa, kwani imegeuzwa kabati. Chakula cha kila siku hupikwa uani na dada wa kazi, ambaye hakuulizwa lolote vyombo vilipochaguliwa, na ambaye moshi wake na saa zake tatu za kupepea hazimo katika hesabu ya mtu anayesema mkaa ni nafuu. Aliyechagua hapiki, na anayepika hakuchagua. Ndiyo maana fedha nyingi zimekwenda kwenye chombo kisichowashwa.

Jiko hilo la uani huzaliwa mapema, siku ambayo fundi umeme anapitisha mabomba ya waya kabla ya lipu. Mwenye nyumba huulizwa televisheni itakaa wapi, viyoyozi vingapi, hita ngapi. Jikoni huwekwa soketi moja ya matundu mawili kando ya jokofu, na safari ikaendelea. Soketi ya kawaida ya ampea 13 hubeba kama kilowati 3, na birika la umeme pekee huweza kuvuta zaidi ya mbili. Siku jiko la presha linaponunuliwa huchomekwa kwenye ekstensheni moja na birika na jokofu, plagi huyeyuka, na familia hupata ushahidi iliokuwa ikiungoja kwamba umeme si wa kupikia. Hita ya bafuni, kwa upande wake, ilipewa laini yake, waya mnene wa milimita 6 za mraba na breka yake peke yake, bila mtu kulalamikia gharama. Kuongeza soketi nne jikoni, juu ya meza, zikiwa kwenye laini yake, ni kazi ndogo kabla ya lipu. Baada ya marumaru kubandikwa ni kazi ya nyundo na patasi.

Uzembe huohuo hukutwa kwenye mashine ya kufulia. Mashine nyingi za kujiendesha zimeandikwa kwamba zinahitaji presha ya maji isiyopungua nusu ya bari, ambayo ni sawa na tangi lililo mita tano juu ya bomba la mashine; mnara wa tangi wa nyumba nyingi huipita mashine kwa mita tatu. Mashine husimama ikisubiri maji yasiyokuja kwa kasi inayotakiwa, na dada wa kazi huitwa kuimiminia kwa ndoo mashine iliyonunuliwa ili asibebe ndoo.

Saba: hoja moja iliyobaki

Wako wateja ambao kwao rai hii ina ukweli, nao si wenye nyumba zinazozungumziwa hapa. Ni wale walio katika kundi la D1, wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi na kulipa shilingi 100 kwa uniti, yaani 122 pamoja na kodi na tozo. Kwa bei hiyo hakuna mkaa wala gesi inayoweza kushindana na umeme jikoni, lakini jokofu dogo likila uniti moja kwa siku na jiko likila nyingine, zimeshafika 60 kabla ya taa, pasi na televisheni, na mteja anayevuka mpaka huweza kuhamishiwa kwenye bei iliyo karibu mara tatu. Hofu yake ni ya hesabu, na jibu lake liko kwa mdhibiti wa bei: Uganda iliweka bei nafuu ya makusudi kwa uniti zinazofikiriwa kuwa za kupikia, juu ya zile za matumizi ya msingi, na hakuna sababu ya kiufundi inayoizuia EWURA kufanya jambo la namna hiyo.

Nyumba ya Goba yenye pampu ya kisima, viyoyozi vitatu, friza na hita mbili ilishavuka uniti 75 katika wiki ya kwanza ya mwezi wake wa kwanza. Mwenye nyumba hiyo hana daraja la bei la kulinda, na anaposema umeme ni wa kubana hubana mahali pamoja tu, palipo na mtu mwingine anayepika.